Pambizoni

Kazi yangu ni vita na nondo na ukungu.
Yerevan, ghorofa ya pili, dirisha la kaskazini:
Injili ya karne ya kumi na tatu imelala mbele yangu
kama mgonjwa aliyezoea kupapaswa.
Kurasa za ngozi, mia mbili na kumi na sita.
Wahesabu ndama waliokufa ili Neno lipate kuishi.

Utotoni niliambiwa aliyekiandika hana mkono.
Bibi Haykanush alikibusu chake kabla ya kukifungua,
akikifunga akakibusu tena,
kama mtu aagaye safarini.
Nikamwuliza: Mungu hutumia kalamu gani?
Akanipa jozi nne nibangue,
meno yapate kazi nyingine.

Leo, ukurasa wa themanini na tisa,
chini kabisa, nje ya mstari mwekundu
(wekundu wa mdudu, wamemponda bondeni kwa maelfu),
nimekuta maandishi yamejikunyata:

*Mimi Hovasap, mkosefu, nimenakili hapa vibaya.
Wino umeganda, nauyeyusha kwa pumzi.
Binti yangu amekohoa siku tisa. Leo hakohoi.
Msomaji, usizilaumu herufi.*

Nikapandisha lenzi.
Juu yake ni kisa cha mtoto wa mkuu wa sinagogi,
yule aliyekwisha kuliliwa, akashikwa mkono.
Herufi zimepinda kweli.
Na mstari mmoja haupo.
Ule wa kuinuka.
Mwingine ameuchomeka baadaye, kwa wino wa kahawia,
mwandiko wa mtu aliyeshiba, asiye na haraka.

Alisinzia? Jicho liliruka, kama macho ya wanakili yarukavyo?
Au alifika pale, akaitazama ile kalamu,
akashindwa kuuandikia mtoto wa mwenzake
alichonyimwa wake?

Gyumri, Desemba, saa tano na dakika arobaini na moja,
shule ilijikunja kama karatasi.
Kaka yangu Artavazd alikuwa kwenye somo la jiografia.
Kasisi alikuja na koti la kuazima, theluji begani,
akasema kazi ya Mungu haina makosa.
Nilikuwa na miaka sita. Nilimwamini kwa yote
ila hilo.

Tangu hapo ni mimi na makosa.
Nimeyaona: neno limerudiwa, mwana kapewa baba mwingine,
nukta moja huku ipo, kule haipo,
na juu ya nukta hiyo watu wameshikana makoo.
Wenye elimu husema, roho aliwaongoza mikono.
Basi usiku ule aliuongoza wapi mkono wa Hovasap?
Maana katika kitabu chote hiki, chenye malaika wa dhahabu,
mahali pekee niliposikia mtu akihema
ni pale ambapo hapana Maandiko.

Kama upo, nakuuliza kwa sauti ya kawaida,
mashine ya unyevu ikinguruma kando yangu:
lipi ni lako? Mstari ulioandikwa?
Ulioachwa?
Au uliochomekwa na aliyeshiba?

Sikujibiwa. Sikutarajia.
Tramu haipiti tena mtaa huu, hata kengele hakuna.

Fomu ya idara ina kisanduku: *Kasoro na pendekezo*.
Nimekikodolea hadi chai ikaota utando.
Nikaandika: *Mstari mmoja, umerukwa.*
Kwenye pendekezo nikaandika, nikafuta, nikaandika:
*Aachwe.* Badala ya *uachwe*.
Sikusahihisha.

Saa kumi na mbili nikakifunga, nikifuata kanuni,
mikono miwili, taratibu, mgongo usivunjike.
Nikashtuka uso wangu umeinama,
midomo iko karibu na jalada, karibu kabisa.
Kanuni zakataza: mate hula ngozi.

Nikaizuia pumzi. Nikabaki pale,
sijui nimezuiwa na kanuni
au na nini.